Vibandiko Sita

Siku ya kwanza nilipomwona alikuwa amepiga magoti sakafuni, sikio ameliweka kwenye sanduku jeusi la chuma, macho ameyafumba. Nilidhani anaumwa. Nilikuwa na wiki moja tu tangu niajiriwe kufagia na kupiga deki pale kituo cha redio. Nikasimama mlangoni na ndoo yangu ya maji, sijui nikohoe au nirudi nilikotoka. Mimi ni mtu wa haya. Tangu shule ya msingi, ambako ndiko masomo yangu yalikoishia, nimekuwa wa kusubiri kuulizwa.

"Umekuja na maji?" akauliza bila kufumbua macho.

"Ndiyo, dada."

"Ndoo ibaki hapo hapo ilipo. Wewe ingia."

Nikaingia. Akaniashiria na mimi niiname nisikilize. Ndani ya sanduku kulikuwa na mvumo kama wa mtu aliyeshiba anasinzia, na kwa mbali mikwaruzo midogo midogo.

"Unazisikia? Zinasoma," akasema. "Leo ni ukaguzi."

Pale kazini wote walimwita Mama Ukaguzi. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mfupi, miwani imefungwa kamba na kuning'inia kifuani. Alianza kazi akitunza kanda za zamani, na kanda zilipoingizwa kwenye kompyuta, yeye akazifuata humo humo. Vijana wenye vyeti walikuja wakaondoka. Yeye alijifunza kwa kuuliza na kuandika daftarini, mpaka ikawa hata hao wenye vyeti wanamuuliza yeye.

Ndani ya lile sanduku mlikuwa na diski sita zimesimama wima kama vitabu. Humo ndimo zilimokaa sauti zote za kituo za miaka thelathini na minne: kwaya, hotuba, salamu za wagonjwa, vipindi vya wakulima, watu ambao wengi wao wameshazikwa. Hakukuwa na kifaa cha pekee kilichoziunganisha. Ni programu tu ya kompyuta iliyozifanya ziwe kitu kimoja. Yeye aliziita safu.

"Diski moja ikifa," alinieleza siku nyingine, "tano zilizobaki zinakumbuka yaliyokuwamo. Unaweka mpya, zinaiandikia. Zikifa mbili kwa pamoja, tufunge milango twende nyumbani."

"Sasa kama zinakumbukiana, ukaguzi wa nini, dada?" Nilishangaa mwenyewe kwamba nimeuliza.

Alifurahi. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo isipokuwa kwa kulalamika.

"Kwa sababu diski inaweza kuharibika mahali padogo na isiseme. Pale ambapo hakuna mtu anayepafungua. Mwaka mzima imenyamaza tu. Siku nyingine ikifa, unaigeukia hii uiulize, ndipo unagundua haina jibu. Kwa hiyo kila mwezi naziamsha zote, kila moja isome yake toka mwanzo mpaka mwisho, tulinganishe. Ubovu ujulikane mapema, wakati bado wapo wa kuusaidia."

Basi ikawa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa kumi na mbili asubuhi, ukaguzi unaanza, na unaisha kama saa kumi jioni. Mimi Jumapili nilikuwa zamu, kwa hiyo niliona yote. Kwanza alihesabu diski zote zipo. Ikikosekana hata moja, hakuanza. Hakuruhusu mtu kuzima umeme. Akitaka kuusimamisha ukaguzi aliusimamisha kwa amri yake pale kwenye kompyuta, na mashine ikakumbuka ilipofikia. Na ukaguzi ukikuta tofauti, hakuiambia mashine irekebishe papo hapo.

"Mashine ikiwaona ndugu wawili wanabishana," alisema, "haijui mkweli ni nani. Itaandika lolote mradi ugomvi uishe. Mtu uangalie kwanza."

Siku hizo studio walisumbuka, kwa sababu mashine ikiwa inasoma kila kitu inachelewa kutoa nyimbo. Mtangazaji wa salamu, tuliyemwita Sauti Tamu, alikuwa akichungulia mlangoni na vipokea sauti vyake shingoni.

"Mama Ukaguzi, hiyo kitu yako leo imekula nini? Naiomba wimbo, unakuja kwa magoti."

"Wewe nawe ongea kidogo. Wimbo utakukuta bado unasalimia."

"Wasikilizaji wananipenda mimi, hawapendi ukaguzi."

"Na siku sauti zikipotea watapenda nini, meno yako?"

Lakini alipunguza mwendo wa ukaguzi ili studio ipumue, na kipindi kikiisha aliuongeza tena. Hakuwahi kuukatiza kwa ajili ya kelele za mtu.

Jioni aliandika kwenye daftari: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kuisha, tofauti. Chini ya neno tofauti aliandika sifuri, na sifuri zake zilikuwa za duara safi, kama amezungushia kifuniko cha chupa. Kisha alifungua kipindi kimoja cha zamani asikilize, kuhakikisha kwa masikio yake. Kila mwezi kilikuwa kile kile. Mwanamke mmoja anaulizwa juu ya kuku wake, anajibu vizuri tu, halafu katikati anakumbuka jogoo aliyemfukuza mwalimu mkuu, anacheka mpaka mtangazaji naye anashindwa kuuliza. Mama Ukaguzi alikuwa akitabasamu, anafunga daftari, anachukua mkoba wake. Sikumuuliza kwa nini kipindi hicho. Nilidhani anapenda kuku.

Mimi katika chumba kile nilipewa kazi moja: kupangusa vumbi kwa brashi kavu. Kavu, alisisitiza, na sanduku lenyewe nisiliguse kwa kitambaa. Mbele ya kila diski alikuwa amebandika kibandiko cheupe chenye namba kubwa ya kalamu, na chini yake namba nyingine ndefu, ndogo, ile ya kiwandani. Kwa miaka miwili nilipitisha brashi yangu juu ya vibandiko vile.

Halafu ikaja ile wiki.

Jumatano Mama Ukaguzi aliomba ruhusa. Dada yake alikuwa amelazwa, hali si nzuri. Aliondoka akiwa na begi dogo, akanipa ufunguo wa chumba mkononi mwangu mimi, si kwa mlinzi wala kwa Sauti Tamu. "Kaka, nakuachia wewe," alisema. Sikuwahi kuachiwa kitu na mtu wa ofisini.

Alhamisi mkuu wa kituo akatangaza kwamba kesho yake kuna wageni, wakubwa, wanakuja kutembelea. Akanishika bega. "Kile chumba cha mashine nataka king'ae. Nijione usoni."

Nilitaka kumwambia kwamba mle hamuingii maji. Sikumwambia. Nikajiambia nitatumia spiriti, kwa sababu spiriti inakauka haraka, si sawa na maji. Nikachukua kitambaa safi kabisa. Nikapangusa juu, nikapangusa ubavuni, nikafika mbele, na kabla sijaelewa ninachofanya wino wa vibandiko ulikuwa umegeuka ukungu wa buluu. Nikajaribu kukausha, karatasi ikatoka na kitambaa. Vyote sita.

Nilikaa chini sakafuni pale pale alipokuwa amepiga magoti siku ile.

Ningempigia simu. Namba yake nilikuwa nayo. Badala yake nilikwenda mapokezi nikaomba vibandiko vyeupe, nikasema ni vya funguo. Nikarudi, nikachukua kalamu, nikaandika kwa kujitahidi, ulimi nje kama mtoto: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Zile namba ndefu sikuzikumbuka, na sikujua zilikuwa za nini, nikaziacha. Nikabandika kutoka kushoto kwenda kulia. Vilipendeza. Niseme kweli, nilivitazama nikaona vimependeza kuliko vya kwanza.

Jioni ile yeye ndiye aliyenipigia. Nyuma yake nilisikia vitanda vya magurudumu na watu wa hospitali wakiitana.

"Kaka, habari za huko? Kila kitu kizima?"

"Kizima, dada. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Tunamwachia Mungu. Sanduku halijaguswa?"

"Halijaguswa."

"Ahsante, kaka yangu. Basi nakuwa na amani."

Nilijiambia kwamba mtu aliyekaa kitandani kwa mgonjwa haongezewi mzigo. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli, na niliishika ile nusu kwa mikono miwili. Nusu ya pili ni kwamba niliona aibu, basi.

Dada yake alifariki Jumamosi alfajiri. Mazishi yakawa Jumapili, na Jumapili hiyo ilikuwa ya kwanza ya mwezi.

Mama Ukaguzi alikuwa ameupanga ukaguzi uanze wenyewe, na makao makuu walimtuma fundi mmoja auangalie. Fundi huyo jina lake la kazini lilikuwa Chapuchapu, na alilipenda. Alikuja, akavuta kiti, akafungua simu yake. Saa nne asubuhi kompyuta ikalia mlio mmoja mrefu. Nilikuwa mlangoni na fagio.

Chapuchapu akasoma skrini. "Diski namba nne imeshindwa. Imetolewa kwenye safu." Sanduku letu lilikuwa la aina rahisi, lina taa moja ya kijani kwa diski zote sita, halionyeshi iliyougua. Akampigia Mama Ukaguzi, akaweka simu mezani ili sauti isikike. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na wanawake wanaimba.

"Pole na msiba, Mama. Namba nne imekufa hapa. Nimeleta diski mpya, naibadilisha dakika tano."

"Ahsante. Usizime kitu," alisema polepole, kwa sauti ya mtu aliyelia. "Ukaguzi umesimama?"

"Umesimama."

"Sawa. Safu bado inafanya kazi, hakuna haraka. Angalia vibandiko, utaiona nne. Chini yake kuna namba ndefu. Ilinganishe na ile ya kwenye skrini, moja moja, kabla hujavuta. Ukivuta nyingine, zitakuwa mbili."

Chapuchapu akainama. "Namba ndefu hakuna, Mama."

"Hakuna vipi?"

"Hakuna. Ziko namba fupi tu."

Nyimbo zilisikika. Nilikuwa bado nimeshika fagio mlangoni. Kulikuwa na maneno manne tu ya kusema: vibandiko hivi nimeandika mimi. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Subiri," alisema yeye. "Usivute. Subiri nita..." Kukawa na kelele za watu wengi, na simu ikakatika.

Chapuchapu akapiga tena, haikupatikana. Akapiga mara ya pili. Akatazama saa. Akanitazama mimi, na nadhani akaniona kama unavyoliona fagio.

"Nne ni nne," akasema, akavuta.

Studio ilinyamaza hapo hapo. Sauti Tamu alikuwa katikati ya wimbo. Kupitia ukuta tulimsikia akisema, "Jamani?" hewani. Chapuchapu akairudisha ile diski, akazima umeme, akawasha, akazima tena, akawasha tena. Skrini ikajaa mistari myekundu. Jasho likaanza kumtoka, na hata yeye hakuwa mwepesi tena.

Nilijua baadaye kilichotokea, na nitakisema kwa kifupi. Safu yake haikuanza na moja. Mashine huhesabu kuanzia sifuri, na yeye aliandika vibandiko kama mashine inavyohesabu: sifuri hadi tano. Nne ya kweli ilikuwa ile niliyoiandika tano. Chapuchapu alivuta diski nzima na kuiacha iliyokufa mahali pake. Zikawa mbili nje kwa pamoja. Miaka miwili nilipitisha brashi juu ya ile sifuri ya duara na sikuiona.

Nyumbani usiku huo sikula. Mke wangu alisukuma sahani karibu yangu mara mbili.

"Baba watoto, umefukuzwa?"

"Bado."

"Bado ndiyo jibu gani?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaanza kukusanya vyombo.

"Kesho nenda ukamwambie."

"Amefiwa."

"Ndiyo. Na wewe umeongeza maiti wa pili nyumbani kwake. Nenda."

Mama Ukaguzi alirudi Jumanne, bado amejifunga khanga ya msibani. Hakumgombeza mtu. Alivuta kiti mbele ya sanduku, akatazama vibandiko kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nje kwenye korido, napiga deki mahali ambapo nilikuwa nimeshapiga. Kisha akachomoa diski moja moja, akasoma namba ndefu kwenye mwili wa kila moja, akaziandika daftarini. Siku mbili alifanya kazi bila kuinuka isipokuwa kunywa maji. Aliikusanya ile safu tena kwa kuisihi diski iliyougua itoe ilichoweza kutoa. Kisha akaweka mpya, akaacha ziandikiane, akakagua upya kutoka mwanzo. Karibu kila kitu kilirudi. Vipindi thelathini na kimoja havikurudi, au vilirudi nusu. Nakala ya pili haikuwapo. Barua yake ya kuomba sanduku la nakala ilikuwa na miezi minane kwenye meza ya mkuu, chini ya kalenda.

Alhamisi jioni alifungua kile kipindi cha kuku. Nilikuwa mlangoni, nimekuja kusema. Yule mwanamke alijibu swali la kwanza, akajibu la pili, akasema, "Sasa kuna jogoo mmoja, huyo jogoo..." na sauti ikakatika. Mama Ukaguzi akarudisha nyuma. "Huyo jogoo..." Akarudisha mara ya tatu.

"Huyu ndiye niliyemzika Jumapili," akasema, bila kugeuka. Sijui kama aliniambia mimi.

Nikaondoka. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu manne na nikaondoka nayo.

Kikao kilifanyika wiki iliyofuata. Niliitwa kupeleka maji ya kunywa. Chapuchapu alikuwa akisema kwamba yeye alifuata kibandiko, na kibandiko kilikuwa na kosa, na aliyebandika anajulikana. Mkuu akamgeukia Mama Ukaguzi.

"Vibandiko ni vya nani?"

Nilikuwa namimina maji kwenye glasi yake. Aliitazama ile glasi mpaka ikajaa.

"Vibandiko ni kazi yangu," akasema.

Nikamwaga kidogo mezani. Nikapangusa. Nikatoka.

Walimhamisha. Walimpeleka kwenye kituo kidogo cha mtambo, mbali, ambako kazi ni kuandika saa umeme ulipokatika na saa uliporudi. Katika barua waliandika kwamba ni kwa sababu ya uzembe. Miaka thelathini na kitu hakuwahi kuandikiwa neno hilo. Sauti Tamu alimfanyia mzaha wa kuaga hewani, lakini sauti yake haikuwa tamu siku hiyo.

Siku ya mwisho nilimbebea boksi lake mpaka getini. Lilikuwa jepesi: madaftari, kikombe, kamba ya miwani ya akiba. Gari lilikuwa halijafika. Nikaweka boksi chini, nikavua kofia, nikasema. Nilisema nikitazama viatu vyake. Spiriti, kitambaa, mapokezi, moja mpaka sita, simu ya Alhamisi, simu ya Jumapili. Nilisema yote, hata yale ambayo hakuna aliyeniuliza.

Hakushtuka. Aliinama, akafungua daftari la juu, akanionyesha ukurasa wa ndani wa jalada. Kilikuwa kimebandikwa pale kibandiko kimoja, kile cha nne, kwa mwandiko wangu.

"Nne yako huifungi juu," akasema. "Niliijua tangu Jumanne. Ndivyo unavyoiandika kwenye kitabu cha zamu."

"Sasa kwa nini, dada? Kwa nini hukusema?"

"Wewe wangekufukuza kabla ya saa sita. Mimi ilikuwa lazima wanitafutie pa kunipeleka."

Gari likaja, dereva akashuka kuchukua boksi. Mama Ukaguzi akaingia mbele, akafunga mlango, akavaa miwani kana kwamba ana kitu cha kusoma. Nilidhani ameshamaliza na mimi. Kisha akashusha kioo.

Sijamwona tena. Nimesikia amestaafu, na anafuga kuku. Chumba kile bado nakifagia, kwa brashi kavu, na safu mpya ina vibandiko vilivyoandikwa na mtu mwingine, kuanzia sifuri. Jumapili ya kwanza ya mwezi nasimama mlangoni nazisikiliza zikisoma, nayasikia na yale aliyoniambia pale kwenye kioo cha gari, bila hasira hata kidogo, na ndiyo maana hayajaniacha.

"Ungeniambia tu, kaka," alisema. "Ningeandika vingine."